Lori Linafuka na Halivuti: Kabla Hujaigusa Pampu

Lori la mtumba linapoletwa gereji kwa sababu linafuka moshi mweusi na halivuti mlimani, jambo la kwanza ninalotaka kulijua ni nani alilishika kabla yangu, na alifungua nini. Mwenye gari mara nyingi hana jibu, kwa kuwa alilinunua kwa dalali miezi michache iliyopita, na dalali naye alilipata kwa mtu ambaye hakupenda maswali mengi. Gari lenyewe, hata hivyo, huwa na jibu. Nati iliyotafunwa na spana isiyo saizi yake, waya wa sili uliokatwa kwenye pampu, mpira wa hewa uliofungwa kwa waya wa nondo badala ya klipu, yote haya huonyesha mikono iliyopita. Ninafanya kazi ya injini za dizeli hapa Makambako, mahali ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu ya Mbeya, na kwa uzoefu wangu moshi wa gari lililotumika ni nadra kutokana na ugonjwa mmoja. Kwa kawaida ni ugonjwa wa zamani uliochanganyika na dawa mbaya iliyotolewa ili kuuficha, na fundi anayeusoma moshi bila kujua habari za dawa hiyo atatibu kitu kisichoumwa.

Tukumbushane kwanza kinachotokea ndani ya silinda. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inavuta hewa tupu, inaigandamiza mpaka joto lake linapita nyuzi 500 za Selsiasi, kisha nozo inapuliza dizeli kama ukungu ndani ya hewa hiyo, na dizeli inajiwasha yenyewe. Kilo moja ya dizeli inahitaji takribani kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, lakini kwa sababu muda wa kuchanganyika ni mfupi mno, injini inataka hewa ya ziada juu ya kiasi hicho, na ikishuka karibu na kilo 18 masizi huanza kuonekana kwenye bomba. Kwa hiyo moshi mweusi maana yake ni kwamba mafuta yameizidi hewa, au yameingia vibaya kiasi kwamba hewa iliyopo haikuyafikia. Moshi mweupe ni dizeli iliyopita bila kuungua, au ni maji. Moshi wa bluu ni oili. Hayo hata utingo anayajua, na kama kazi ingeishia hapo kusingekuwa na haja ya fundi. Ugumu uko katika ukweli kwamba kila rangi ina vyanzo vingi, na chanzo kinachokuja haraka kwenye midomo ya watu, yaani pampu inayosukuma dizeli kwenye nozo, ndicho chenye gharama kubwa na ndicho kinachostahili kufikiriwa mwishoni.

Kuna jambo la mwinuko ambalo watu wa nyanda za juu wanapaswa kulijua kabla ya kwenda kununua gari pwani. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, Makambako iko juu yake kwa takribani mita 1,700, na Njombe inakaribia mita 2,000. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya pwani, ilhali pampu ya zamani isiyo na kompyuta haina habari kwamba gari limepanda, na inaendelea kupima dizeli ile ile. Turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini, hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini injini isiyo na turbo inaubeba wote. Gari ambalo lilitoa moshi wa kuvumilika Mbagala litatoa mwingi zaidi Njombe bila ya kitu chochote kuharibika njiani, na kama tayari lilikuwa na kasoro ndogo, kasoro hiyo itajitangaza mara tu linapoanza kupanda mlima wa Kitonga, mkoani Iringa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa gari ninalopenda kulitumia kuwafundishia vijana wangu. Lilikuwa Mitsubishi Canter lenye injini ya 4D33, ile ya silinda nne na sentimita za ujazo 4,214, isiyo na turbo, injini ngumu inayoweza kuzeeka vizuri ikipewa oili safi na hewa safi. Mwenyewe alikuwa mama mfanyabiashara wa viazi mviringo. Dereva wake alisema walipanda Kitonga kwa gia ya kwanza huku magari yote yakiwapita, na nyuma yao barabara haionekani kwa moshi. Gereji moja njiani ilikuwa imewaambia kwamba pampu imekufa na inunuliwe nyingine.

"Fundi, mimi pale Dar nililijaribu mwenyewe," mama alisema. "Lilikuwa linavuta vizuri tu."

"Ulilijaribu na mzigo, mama?"

"Hapana, tupu. Tulizunguka nalo pale pale mtaani."

Sikumlaumu, kwa sababu wauzaji hawakubali gari lao lipakiwe mzigo ili mnunuzi aridhike. Hata hivyo lori tupu kwenye tambarare halitumii hata nusu ya nguvu zake, na injini mbovu kiasi hicho inaweza kuonekana nzima.

Kabla ya kufungua kitu huwa napenda kuuona moshi ukitokea, kwa sababu wakati unaotokea hueleza mengi kuliko rangi. Moshi mweusi unaotoka kwa mkupuo dereva anapokanyaga mafuta, kisha ukapungua injini inaposhika kasi, ni wa kawaida kwa injini hizi za zamani. Ule unaoendelea muda wote gari likiwa na mzigo, na kuzidi kadiri mguu unavyoshuka, unaonyesha upungufu wa hewa au wingi wa mafuta. Ukitoka hata gari likiwa linaunguruma bila kukanyagwa, tena kwa vipande vipande vinavyofuatana na mdundo wa injini, hapo nozo moja inavuja au silinda moja ina matatizo yake. Gari la yule mama lilikuwa safi kabisa likiunguruma mahali pamoja. Tulipakia viazi vile vile alivyokuwa amekuja navyo, tukapanda nalo kuelekea Njombe, na kwenye mwinuko wa kwanza likaanza kufuka moja kwa moja bila kupumzika, huku mlio wa injini ukiwa mzito kama wa mtu aliyezibwa pua.

Kwa hiyo tulianza na hewa. Hewa ni ya kwanza kwa sababu uchunguzi wake hauna gharama, na kwa sababu barabara zetu za vumbi, hasa za Ludewa na Makete, huziba chujio haraka kuliko kitabu cha gari kinavyodhani. Chujio la karatasi linatolewa na kumulikwa taa kwa ndani, na mwanga usipopenya, linatupwa. Ukipenya kwa mstari mkali mahali fulani, pana mpasuko, na hilo ni baya zaidi ya kuziba, kwa maana vumbi linalopita hapo hukwangua silivu (ukuta wa ndani wa silinda) na ringi za pistoni mpaka gari linaanza kula oili. Mipasuko hiyo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na vijana wanaopuliza chujio kwa kompresa wakiwa wameligusisha ncha ya bomba. Baada ya chujio nafuata njia yote ya hewa kwa mkono. Niliwahi kukuta nyigu wamejenga udongo ndani ya bomba la kuvutia hewa, na mara nyingi zaidi hukuta mpira ambao nje ni mzima lakini utando wake wa ndani umebanduka, hivyo injini ikivuta kwa nguvu utando unajifunga na injini ikitulia unafunguka. Mpira wa namna hiyo huwezi kuugundua kwa kuutazama. Lazima uutoe na kuingiza vidole.

Kwenye gari la mama chujio lilikuwa chafu lakini halikuzibwa, na mipira ilikuwa mizima. Tulifunga chujio jipya, tukalijaribu tena, na mabadiliko yalikuwa madogo mno. Watu wengi wakifika hapa huona kwamba suala la hewa limekwisha na kurukia pampu. Wanasahau kwamba hewa haiwezi kuingia kwenye silinda ikiwa moshi wa awamu iliyotangulia haujatoka.

Canter, kama malori mengi ya Kijapani ya saizi yake na kuendelea, lina breki ya ekzosi. Ni kipepeo cha chuma kilichokaa ndani ya bomba la moshi, na dereva anapovuta mkono wa pembeni mwa usukani kinafungwa kwa nguvu ya vakyumu (mvuto wa hewa) ili moshi ukwame na injini isaidie kulizuia gari kwenye mteremko. Ni kifaa kizuri sana kwa anayeteremka Kitonga na mzigo. Lakini kinaishi kwenye joto, masizi na maji ya mvua, na kisipotumika kwa muda mrefu, au kikitumika bila kupakwa dawa ya kutu, ekseli yake inashika. Nje ya bomba kuna mkono mdogo unaoonyesha kipepeo kimekaa vipi. Nililala chini ya gari, nikamwomba dereva awashe na kuzima breki hiyo huku injini ikiwa inafanya kazi, na nikaona fimbo ya vakyumu ikivuta kidogo na kurudi kidogo, bila kufika mwisho upande wowote. Nilipoushika ule mkono kwa koleo, haukusogea. Kipepeo kilikuwa kimeganda kikiwa kimefunga karibu nusu ya bomba. Gari lilikuwa likipanda milima huku limeshikiliwa na breki yake lenyewe.

Tulikifungua, tukakipasha moto, tukakwangua masizi yaliyokuwa yamegeuka kuwa jiwe, tukakirudisha kikizunguka kwa kidole. (Magari mengine yana kipepeo cha pili upande wa kuingiza hewa, na hicho nacho huganda, kwa hiyo ukikikuta kimoja kibovu mtazame mwenzake kama yupo.) Nguvu zilirudi waziwazi. Mwinuko tuliokuwa tukiupanda kwa gia ya pili, dereva akaumaliza kwa ya tatu, na mama aliyekuwa amekaa katikati yetu akaanza kuulizia bei. Hata hivyo nilipotazama kwenye kioo, moshi ulikuwa bado mweusi na mwingi. Kama ugonjwa ulikuwa ule wa breki ya ekzosi peke yake, moshi ulipaswa kupungua sambamba na nguvu kuongezeka.

Hapo ndipo ule waya wa sili niliotaja mwanzoni ulipopata maana. Pampu ya 4D33 ni ile ya mstari, yenye plunja, yaani kijiti cha kusukuma dizeli, moja kwa kila silinda, na kwenye gavana yake, sehemu inayodhibiti mafuta, kuna skrubu inayoweka kikomo cha mafuta injini inapokuwa na mzigo kamili. Skrubu hiyo hufungwa waya wenye muhuri wa risasi baada ya pampu kupimwa kwenye mashine, ili isiguswe na mtu asiye na mashine. Kwenye gari hili risasi haikuwapo, nati ya kukazia ilikuwa na alama mpya za spana, na rangi ya zamani kwenye nyuzi za skrubu ilikuwa imevunjika mahali panapoonyesha kwamba imezungushwa kwenda upande wa kuongeza. Picha nzima ikawa hivi: kipepeo kiliganda, gari likapoteza nguvu, mtu fulani aliyekuwa nalo wakati huo akaongeza mafuta ili lipate nguvu, likazipata kidogo kwa gharama ya moshi mwingi, kisha akaliuza. Kila fundi aliyelitazama baadaye aliona moshi mweusi na kuisingizia pampu, na kwa namna fulani hakukosea, kwa sababu pampu kweli ilikuwa inatoa mafuta kupita kiasi. Alichokosa ni sababu ya mtu kuichokoza.

Ninasisitiza jambo hili la skrubu kwa kuwa ni tabia iliyoenea na madhara yake hayaonekani siku hiyo hiyo. Dizeli inayozidi hewa huongeza joto la moshi unaotoka kwenye silinda, na joto hilo ndilo linalochoma valvu na kupasua vichwa vya pistoni. Masizi nayo hayatoki yote kwenye bomba. Sehemu yake hushuka kwenye oili na kuifanya nzito na nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa. Dereva anafurahi kwa miezi kadhaa, halafu injini inafunguliwa. Kuirudisha skrubu kwa makadirio ya jicho pia si tiba, kwa maana hakuna anayejua ilizungushwa kiasi gani. Pampu ile tuliitoa na kuipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kuipima, ambako kila plunja humwaga mafuta kwenye mrija wake wa kioo wenye alama, na macho yanaona bila ubishi kama mirija minne iko sawa na kama imezidi kipimo cha kitabu. Ilikuwa imezidi kwa kiasi kikubwa.

Wakati pampu iko kwenye mashine, nozo nazo zilipimwa, lakini nilikuwa nimeshazishuku kabla ya kuzitoa. Kwa injini za zamani kuna jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake: injini ikiwa inaunguruma taratibu, unalegeza nati ya paipu ya nozo moja baada ya nyingine, ukitumia spana na kitambaa, mkono ukiwa mbali na mafuta yanayoruka kwa sababu dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi na jeraha lake ni la hospitali. Ukilegeza ya silinda nzima, injini inatetemeka na kushuka mlio. Ukilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Ukilegeza na moshi ukapungua, umempata anayefuka. Kwenye gari la mama, silinda ya tatu ilishusha mlio kidogo kuliko wenzake, na kwenye kifaa cha kupimia nozo ile ilikuwa inadondosha matone mwishoni mwa kila mpulizo. Jaribio hili lisifanywe kamwe kwenye gari la komoni reli, lenye paipu moja ya shinikizo inayolisha nozo zote, ambalo shinikizo la mafuta yake hupita baa 1,000.

Nozo inayodondosha mara nyingi ni mtoto wa mafuta machafu, na hapa inabidi niseme neno kuhusu dizeli iliyochakachuliwa. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huwa mepesi na hayalainishi, wakati plunja za pampu na sindano za nozo hazina kilainishi kingine zaidi ya dizeli hiyo hiyo inayopita ndani yake. Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili kuondoa faida ya kuchanganya, na kwa kweli malalamiko yamepungua. Pampu zilizolishwa mchanganyiko huo miaka hiyo, hata hivyo, bado ziko barabarani, na mafuta yanayouzwa kwa madumu kando ya barabara kuu, yaliyonyonywa kwenye matenki ya malori mengine, yana mchanga na maji hata kama hayana mafuta ya taa.

Mafuta machafu huleta pia aina ya pili ya kukosa nguvu, ile isiyo na moshi, ambayo wenye magari huiogopa kidogo kuliko inavyostahili kwa sababu haionekani. Gari halivuti, halifuki, na mlio wake ni wa kawaida. Hapo injini inanyimwa mafuta. Filta ya dizeli ndiyo mshukiwa wa kwanza, na inafuatiwa na kichungi kidogo kilichojificha kwenye pampu ya kuvutia mafuta, ambacho watu wanaobadilisha filta kila mara hawajui kwamba kipo. Ikiwa gari linatembea vizuri kwa saa moja, linachoka, unalipumzisha kando ya barabara na linarudi kama halikuwa na kitu, tazama tenki: takataka hunyonywa mpaka zinaziba mdomo wa paipu, kisha zinaanguka chini gari likisimama. Ukifungua mfuniko wa tenki na ukasikia hewa ikiingia kwa kishindo, tundu la kupumulia limeziba. Na kama unashuku hewa inaingia kwenye paipu za mafuta, kata kipande cha ule mpira mwangavu ambao mafundi ujenzi hutumia kupimia usawa wa ukuta, ukifunge kwa muda kati ya filta na pampu, kisha utazame. Mafuta yanapaswa kupita yakiwa hayana mapovu. Ukiona mapovu, rudi nyuma kiungo kwa kiungo kuelekea kwenye tenki mpaka umpate mhusika, na kwa kawaida huwa ni osha (pete) ya shaba iliyotumiwa mara nyingi.

Wakati mwingine injini haina hatia kabisa. Lori linalokokota breki moja ya nyuma litachoka kwenye mlima, na mkono uliosogezwa karibu na vyuma vya magurudumu baada ya safari utakuonyesha lipi lina joto la ziada. Klachi inayoteleza hupandisha mlio wa injini bila kupandisha mwendo. Waya wa akselereta uliolegea huufikisha mkono wa pampu robo tatu tu ya safari yake hata dereva akikanyaga mpaka sakafuni, na kwa marekebisho ya dakika chache mwenye gari anapata nguvu ambazo alikuwa ameshaambiwa azinunue.

Moshi mweupe nitaugusa kwa ufupi, kwa sababu kwa watu wa huku sehemu yake kubwa ni baridi. Asubuhi ya mwezi wa saba Njombe au Makete, injini yoyote ya zamani hutoa weupe kwa dakika kadhaa mpaka ipate joto, na hilo si tatizo. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, sogea na unuse. Unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi ni wa nozo, wa taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) iliyochelewa, au wa mgandamizo ulioshuka, na ukianza mara tu baada ya pampu kutolewa na kurudishwa, basi huenda jino la gia limekosewa. Usio na harufu kali na unaopotea hewani haraka ni mvuke, na rejeta inayopungua maji bila kuvuja nje itauthibitisha. Gasketi ya silinda hedi inakusubiri. Kabla ya kuamua kwamba mgandamizo umeshuka, pima tapeti, yaani nafasi ya valvu. Kwenye 4D33 nafasi ni milimita 0.4 injini ikiwa baridi, na valvu iliyobanwa isifunge kabisa huiga dalili zote za ringi zilizokwisha.

Wa bluu ndio unaowalaza watu njaa, kwa kuwa mara nyingi mwisho wake ni kupiga ovahoo, yaani kufungua na kutengeneza upya injini nzima. Bado kuna vyanzo vya bei nafuu vya kutazama kwanza. Oili iliyozidi kipimo inatosha kuleta moshi wa bluu. Wakati mwingine haikuzidishwa na mtu: plunja za pampu zilizochakaa hupitisha dizeli hadi kwenye oili, kijiti kinaonyesha oili inaongezeka badala ya kupungua, na ukiinusa unaipata harufu ya dizeli. Hiyo ni ya kushughulikiwa siku hiyo hiyo, kwa sababu oili iliyotiwa dizeli hailindi beringi. Kwenye magari yenye turbo, fungua mpira unaotoka kwenye turbo uone kama una oili nyingi. Kama yote ni safi, legeza mfuniko wa kujazia oili injini ikiunguruma, uuweke juu ya tundu bila kuukaza. Ukitikisika kidogo, hiyo ni kawaida. Ukirushwa na moshi ukafuata kwa mapigo, ringi zimechoka, na kipimo cha kompresheni kitakuonyesha ni silinda ipi. Zote zikiwa chini kwa kiasi kimoja ni uzee, moja ikiwa chini peke yake ni ajali.

Wauzaji wanazijua dalili hizi vizuri kuliko wanunuzi. Injini huwashwa kabla hujafika ili weupe wa asubuhi uishe, na kwa sababu hiyo huwa naigusa injini kabla ya kusalimiana sana. Ikiwa ya moto, ninaomba nirudi kesho. Oili nzito isiyo ya injini hiyo humwagwa ndani ili ringi zilizokwisha zizibe kwa siku chache. Mpira wa kupumulia wa injini huelekezwa nyuma ya chesisi ili moshi wake usionekane mbele. Na pampu hupunguzwa mafuta, kinyume cha ile ya mama, ili gari lisifuke kabisa, na mnunuzi aliyeambiwa kwamba gari zuri halina moshi analipa pesa yake na kuondoka na lori lisiloweza kubeba kitu.

Malori mapya zaidi ya Kijapani yenye komoni reli na kompyuta yanataka mlango mwingine wa kuingilia. Humo valvu inayorudisha moshi kwenye njia ya hewa ikiganda wazi, dalili zake ni zile zile za chujio lililoziba, na kichujio cha masizi kikijaa kompyuta yenyewe hupunguza nguvu ili kuilinda injini. Anza na mashine ya kusoma makosa, lakini usiiamini peke yake, kwa sababu inaweza kuandika kwamba hewa ni kidogo bila kujua kwamba mpira umepasuka.

Pampu ya mama ilirudi ikiwa na sili mpya, nozo ya tatu ikabadilishwa ncha, taimingi ikawekwa kwenye alama, na tukarudi kwenye mwinuko ule ule, kwa mzigo ule ule na gia ile ile, kwa sababu jaribio la baada ya matengenezo lisilofanana na la kabla yake halithibitishi kitu. Gari lilipanda kwa gia ya tatu. Moshi ulibaki wa kijivu chepesi, mweusi kidogo wakati wa kubadilisha gia, na huo nilimweleza mama kwamba ni wa mwinuko wa Njombe na hautaondoka.

"Basi tufunge turbo, fundi. Dereva ananiambia zipo kwa bei nzuri."

Nilimwambia kwamba wapo wanaofanya hivyo, na kwamba gari litakimbia. Lakini 4D33 ilitengenezwa kuvuta hewa yenyewe, na pistoni zake, njia zake za oili na upoaji wake havikuandaliwa kwa joto la turbo. Atakayeifunga bila kuongeza mafuta hatapata nguvu za maana, na atakayeongeza mafuta atairudisha ile skrubu mahali tulipoitoa. Alifikiri kidogo, akamuuliza dereva wanaweza kupunguza magunia mangapi kwa safari, na wakaanza kupiga hesabu hiyo hapo hapo gereji.